Kinachouzwa Riat ni Zamu

Ukitoka Kondele kwenda Mamboleo hapa Kisumu siku hizi, mabango ya intaneti ya nyumbani yameyashinda yale ya wahubiri. Zamani yalitangaza kasi ya megabiti 5 na 10 kwa sekunde. Sasa ni 20, 30, hata 50, kwa bei ileile. Chanzo si siri. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kasi za vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kugusa bei, na kampuni ndogo zinazorusha intaneti kwa mawimbi kutoka vilimani na juu ya maghorofa zikaona zisipofuata zitabaki na madeni ya minara. Zikafuata. Namba za bango zikapanda, antena zikabaki zilezile. Kisha ikafika saa mbili usiku.

Malalamiko yamejaa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, kuanzia Migosi hadi Nyalenda. Video inazunguka tu, mtoto hamalizi somo, kijana wa kazi za mtandaoni anakatika katikati ya mkutano na mwajiri wake wa ng'ambo. Hukumu imeshatolewa: hawa ni wezi, wanatubania kasi tuliyolipia ili wawauzie wengine. Dawa inayopendekezwa ni Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe kutoa kila megabiti iliyoandikwa kwenye bango, usiku na mchana, la sivyo leseni zifutwe. Hasira hiyo naielewa. Nami hulipa kila mwezi. Ila ugonjwa umetambuliwa vibaya, na dawa yenyewe itamuua mgonjwa. Kampuni ya mawimbi haina ghala la kasi ambalo inaweza kulifunga na kulifungua itakavyo. Ilicho nacho ni sekunde moja, sawa na ya kila mtu, na kazi yake yote ni kuikata vipande na kuvigawa. Anayekuuzia intaneti ya aina hii anakuuzia zamu. Shida ya Kisumu ni kwamba zamu hizo zinapangwa kwa kuhesabu wateja na kuangalia namba ya bango, mambo mawili ambayo mnara wenyewe hauyajui.

Tuanze na mnara. Kwenye vilima vya Riat, ambako jiji linaonekana mpaka ziwani, kampuni hufunga antena pana zinazoitwa sekta. Nne zinatosha kufunika pande zote. Kila sekta inaongea kwa chaneli moja, mara nyingi katika bendi ya gigahazi 5 ambayo haiuzwi kwa mnada, na juu ya mabati ya kila mteja kuna antena ndogo iliyoelekezwa huko. Nyumba 30 au 60 zinaweza kuwa chini ya sekta moja, na kwenye chaneli hiyo hawezi kusikika zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mnara ukisema na nyumba ya kwanza, zilizobaki zinangoja. Nyumba ikijibu, mnara nao unanyamaza ili usikie. Haya yote hutokea kwa vipande vya elfu moja ya sekunde, ndiyo maana saa nne asubuhi unajihisi uko peke yako. Jioni, mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani, foleni inaanza kuonekana.

Na zamu hazilingani. Antena inayopata mawimbi safi hupakia biti nyingi katika kila mpigo. Inayopata mawimbi hafifu hupakia chache, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga wa kibatari. Chukua mitambo ya kizazi cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n, ambayo bado imejaa kwenye mapaa yetu, ikitumia chaneli ya megahazi 20 na mikondo miwili ya data. Mteja mwenye mawimbi mazuri kabisa huongea kwa megabiti 130 kwa sekunde. Wa mwisho kabisa huongea kwa 13. Ondoa muda wa salamu, uthibitisho na marudio, tuseme ibaki asilimia 60: mmoja ana 78, mwingine 7.8. Nyumba zote mbili zinatazama video inayohitaji megabiti 2.5. Ya kwanza inakula kama asilimia 3 ya muda wa sekta. Ya pili inakula asilimia 32. Nyumba tatu za aina hiyo ya pili zimemaliza sekta nzima, ilhali mita ya data inaonyesha megabiti saba na nusu tu. Meneja aliyeko mjini, akiitazama mita hiyo, anaapa kwamba mnara uko mtupu na anatuma vijana wakasajili wateja zaidi.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Fundi mmoja aliyechoshwa na simu zangu aliniita jioni nitazame skrini ya sekta inayohudumia mtaa wetu. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Muda wa hewani uliotumika: asilimia 94. Data iliyokuwa ikipita: megabiti 31. Orodha ya wateja ilikuwa ya kijani isipokuwa mistari minne ya njano na mmoja mwekundu, nguvu ya mawimbi hasi 81 (hupimwa kwa desibeli, na namba ikiwa mbali na sifuri mawimbi ni hafifu). "Huyu ndiye anatumaliza, mzee," akasema, kidole kwenye mstari mwekundu. Nikasogea nisome jina. Lilikuwa langu. Antena yangu ilifungwa mwezi wa pili, mwembe wa jirani ukiwa umetoka kukatwa matawi. Mvua za Aprili zikaja, mwembe ukajaa majani, na majani yakilowa huwa ukuta. Miezi yote niliyokuwa nikiwaita wezi, mwenye kula zamu za mtaa nilikuwa mimi. (Mvua yenyewe husingiziwa. Kwa gigahazi 5, matone ya mvua kati ya Riat na Migosi hayapunguzi chochote cha kuhesabika. Mitambo ya gigahazi 60 ndiyo inayoogopa mawingu ya jioni kutoka ziwani, maana huko hata oksijeni peke yake inameza kama desibeli 15 kila kilomita.)

Baada ya kujua kwamba bidhaa ni zamu, swali kubwa linakuwa ni nani anayezigawa, na kwa utaratibu gani. Utaratibu huo mafundi huuita hali ya kufanya kazi ya mnara, na hakuna bango linaloitaja. Hali ya kwanza ni ya Wi-Fi ya kawaida, kama ruta ya sebuleni: sikiliza kwanza, kukiwa kimya sema. Sebuleni inafaa. Nje inavunjika, kwa sababu antena ya Manyatta inatazama Riat na haiisikii antena ya Migosi, ambayo nayo inatazama Riat. Kila moja inadhani hewa ni tupu, zinasema pamoja, mnara unapata kelele, zinarudia. Wateja wakiongezeka, sehemu kubwa ya jioni inakuwa ya kurudia. Wengi wa wanaouza intaneti ya kadi za shilingi 20 mitaani wako katika hali hii, na ndiyo sababu huduma yao huwa tamu kwa wateja kumi na chungu kwa ishirini na watano.

Katika hali ya pili mnara unakuwa mwenyekiti wa baraza, hakuna asemaye bila kuitwa. Kila mtengenezaji ana lake: Ubiquiti wana airMAX, MikroTik wana Nv2, Cambium wana wao. Migongano inaisha, na sekta inayolemewa na nyumba ishirini inabeba arobaini bila kelele. Gharama ipo: kucheleweshwa kidogo, ambako wacheza michezo ya mtandaoni hulalamikia, na sharti kwamba vifaa vyote vya wateja viwe vya lugha moja na mnara. Sharti hilo la pili ndilo linalowafunga wadogo. Aliyeanza kwa kununua kifaa chochote kilichopatikana mjini hawezi kubadilisha hali bila kubadilisha nusu ya mapaa ya wateja wake.

Mwenyekiti naye ana uamuzi wa kufanya, na hapa ndipo mafundi wenyewe hugombana. Muda umekatwa katika vipande viitwavyo fremu, mathalani vya milisekunde 5. Sehemu ya fremu ni ya mnara kutuma kwa wateja, sehemu ni ya wateja kutuma juu. Unaweza kuweka uwiano wa kudumu, 75 kwa 25, ili kila fremu iwe na milisekunde 3.75 za kushuka na 1.25 za kupanda, haidhuru nani anahitaji nini. Au unaweza kuuachia mnara unyumbulike, utazame foleni na kuamua fremu kwa fremu. Wanaoutetea mnyumbuliko wana hoja nzito, na nimeikubali kwa muda mrefu. Wamewaona vijana wa bendera kwenye barabara inayotengenezwa, upande mmoja ukiwa umefungwa: kijana mwenye akili hutazama foleni iliyo ndefu, hahesabu dakika kama mashine. Jumapili asubuhi makanisa yanarusha ibada moja kwa moja kwenye Facebook, data inapanda. Jioni watu wanatazama mpira, data inashuka. Kwa nini asilimia 25 ilale bure usiku? Kwa mnara ulio peke yake kijijini, tuseme ule unaohudumia shule na zahanati huko Nyakach, hoja hiyo ni sahihi na sina la kuongeza.

Riat hakuna mnara ulio peke yake. Fikiria makanisa mawili ya Kondele yaliyogawana ukuta wa mabati, kila moja na spika zake. Kanisa la kwanza likiimba wakati la pili linaomba kimyakimya, ombi limekwisha. Dawa ni moja tu: waimbe pamoja, wanyamaze pamoja. Sekta mbili zilizofungwa kwenye mlingoti mmoja, mgongo kwa mgongo, kwa chaneli moja, ziko vivyo hivyo. Moja ikituma wakati nyingine inasikiliza, inayosikiliza inakuwa kiziwi, kwa maana sauti ya jirani aliye mita moja ni kubwa kupita kiasi ukiilinganisha na ya antena iliyo kilomita sita. Ili zitumie chaneli moja ni lazima zianze fremu kwa saa moja, na saa hiyo hutoka kwenye setilaiti za GPS, kisha zigeuke kutoka kutuma kwenda kusikiliza kwa wakati uleule. Hilo halina nafasi katika uwiano unaonyumbulika, ambapo kila sekta inageuka itakapo. Uwiano wa kudumu, ambao ukiutazama kwenye sekta moja unaonekana mzito na wa kizamani, ndio unaoruhusu sekta nne kuishi kwa chaneli mbili: A mbele, B kulia, A nyuma, B kushoto.

Sasa hesabu ya Riat. Kipande cha bendi ambacho mafundi wengi hukipenda, gigahazi 5.725 hadi 5.875, kina megahazi 150. Humo zinaingia chaneli saba za megahazi 20. Tuseme kuna kampuni nne kilimani, kila moja na sekta nne. Kila moja ikinyumbulika kivyake, zinahitajika chaneli 16, na zilizopo ni saba. Kila moja ikifunga uwiano na saa ya GPS kwenye mlingoti wake, zinahitajika nane. Bado moja haina mahali, lakini hiyo inaweza kutafutiwa nafasi chini zaidi katika bendi. Kutoka 16 hadi 8 bila kununua faiba, bila kuongeza hata mita moja ya chuma. Sijui uwekezaji mwingine katika mji huu wenye faida kama hiyo.

Vita vya mabango vimetupeleka upande wa pili. Mwenye sekta aliyeahidi megabiti 10 na sasa anaahidi 30 hana njia ya haraka isipokuwa kupanua chaneli, kutoka megahazi 20 hadi 40. Kipimo cha kasi anachofanya muuzaji mchana, simu mkononi mbele ya mteja, kinapendeza sana. Lakini katika zile megahazi 150 chaneli za 40 ni tatu tu, na za 80 ni moja. Tena antena iliyofunguliwa mara mbili inakusanya kelele mara mbili, desibeli 3, kwa hiyo wateja waliokuwa pembeni wanashuka ngazi moja ya kasi na kuanza kula muda zaidi. Jirani naye, akiona chaneli yake imevamiwa, anapanua yake. Namba zimepanda kwenye kila bango na jioni imekuwa mbaya kwa kila mtu, bila mwizi hata mmoja kupatikana. Mnyumbuliko nao unachangia: sekta inayonyumbulika inaweza kumpa mteja mmoja karibu fremu nzima saa sita mchana, hivyo inashinda kila kipimo cha kasi, wakati yenye uwiano wa kudumu inaonekana imebaki na robo tatu. Muuzaji atachagua nini?

Nirudi kwa wanaosema ni wizi kuuza megabiti nyingi kuliko ulizo nazo. Katika hoja zote zinazozunguka, hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi. Mtandao ambao hauuzi zaidi ya ulicho nacho haujawahi kujengwa popote. Mwaka 1909 mhandisi wa Denmaki, A. K. Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia kwa nasibu, na fani nzima ya kupanga uwezo wa mitandao ikajengwa juu yake: usihesabu wenye simu, hesabu watakaozungumza kwa pamoja saa ya kilele. Faiba ambayo kila mtu anaitolea mfano inafanya vilevile. Mfumo wa GPON unaoingia majumbani hubeba kama gigabiti 2.5 kwa kushuka, na waya huo hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Wote 32 wakivuta kwa pamoja, kila mmoja anapata megabiti 78. Lakini waya huohuo unauziwa watu vifurushi vya mamia ya megabiti, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa hawavuti pamoja na waya wa kila nyumba haulegei kwa sababu jirani ana mwembe. Ukiilazimisha kampuni ya Riat itoe megabiti 30 kwa kila mteja kila sekunde, kwa sekta ya megabiti 78 itabaki na wateja wawili na nusu. Bei ya kila mmoja isomeni wenyewe.

Hoja ya jirani yake ina nguvu zaidi, na wenye kampuni hukimbilia kuichanganya na ile ya wizi ili wazikwepe zote kwa pamoja. Inasema hivi: sawa, kushiriki ni lazima, lakini mbona hamkuniambia nashiriki na wangapi? Hapo sina utetezi. Mteja anaoneshwa namba ya mchana na kuuziwa jioni. Hana njia ya kujua kwamba sekta yake imefika asilimia 94, na kampuni inayojua haina sababu ya kumwambia. Anayeweka wateja 25 kwa sekta na anayeweka 70 wana bango moja, na kwa kuwa wa pili anaweza kupunguza bei, wa kwanza ndiye atakayefunga.

Kuhusu "ongezeni kipimo data kutoka Nairobi," yaani bomba pana zaidi la kuleta intaneti mjini, ni nusu ya kweli. Zipo kampuni ambazo bomba lao la kuingilia Kisumu ni jembamba kweli, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika sote tulijua bomba ni nini. Siku ya kawaida, hata hivyo, kuongeza bomba nyuma ya sekta iliyojaa ni kuleta lori la pili la mahindi kwenye kinu kimoja cha posho. "Leteni faiba" ni jibu zuri kwa Milimani na kwa barabara kuu. Manyatta, ambako vichochoro ni vyembamba na nyumba zinajengwa na kubomolewa, mawimbi yatakuwapo kwa miaka mingi ijayo. Na "tumieni 5G"? Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji minne, pamoja na Nairobi, Kisii na Kakamega, ambako Safaricom ilianza majaribio ya 5G Machi 2021, na leo ruta za 5G ni biashara ya kweli. Lakini nayo ni zamu juu ya mnara, tena zamu inayogawanywa kati ya ruta za majumbani na simu zilizo mifukoni mwa watu. Antena zake ni bora na masafa ni yake peke yake. Kanuni haibadiliki.

Ndiyo maana nilishangaa namna tulivyoipokea habari ya Starlink ya Novemba 2024. Ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, ikasema uwezo umejaa. Mtandaoni watu walicheka: setilaiti zote hizo angani na zimeshindwa na Kiambu! Mimi niliona kampuni iliyohesabu zamu zake, ikaona zimekwisha, ikakataa pesa. Marekani, T-Mobile wanauza intaneti ya nyumbani ya 5G kwa mtindo unaofanana: anwani inakubaliwa pale ambapo mnara wake una nafasi iliyobaki, vinginevyo unawekwa kwenye orodha ya kungoja. Hapa kwetu sijawahi kusikia kampuni ya mtaani ikimwambia mteja mwenye pesa mkononi, "Sekta ya upande wenu imejaa, rudi mwezi wa tatu." Siku nitakapoisikia nitahamia huko.

Mamlaka ya Mawasiliano hupima ubora wa huduma wa kampuni za simu na kuchapisha matokeo. Kwa kampuni ndogo za mawimbi, ingetosha kudai namba mbili kwa kila sekta: wateja wangapi, na asilimia ngapi ya muda wa hewani ilitumika kati ya saa moja na saa nne usiku. Mitambo yote ya maana tayari inazihifadhi; ni kubofya mara mbili. Kuahidi kasi ya chini kwa sheria, kama wanaharakati wanavyotaka, kutawaua waangalifu pamoja na walafi. Kufichua msongamano kutawabana walafi peke yao.

La uwiano ni gumu zaidi kwa sababu bendi ya gigahazi 5 haina mwenyewe. Kwenye masafa yenye leseni jambo hili limeshatatuliwa kwingine: Uingereza ilipopiga mnada masafa ya gigahazi 3.4 mwaka 2018, leseni zilitaka kampuni zifuate mpangilio mmoja wa fremu, na asiyeufuata abanwe zaidi nguvu zake za kutuma. Kilimani Riat hakuna wa kuandika sharti hilo isipokuwa wapangaji wenyewe, au mwenye mlingoti. Na mwenye mlingoti ana nguvu kuliko anavyojua. Anayepangisha nafasi kwenye chuma chake anaweza kuandika katika mkataba: chaneli isizidi megahazi 20, saa ya GPS ni lazima, uwiano ni 75 kwa 25. Wabishane kuhusu namba, hata 67 kwa 33 inafaa, mradi iwe moja. Wakishakaa kwenye meza hiyo watagundua na vitu vidogo vinavyowala kimya, kama ule umbali wa juu ulioachwa kama mtambo ulivyotoka dukani. Mnara uliopangwa kuhudumia kilomita 30 huacha karibu milisekunde 0.2 tupu katika kila fremu, ukingoja sauti ya mteja wa mbali asiyekuwepo. Kwa fremu ya milisekunde 5 hiyo ni asilimia 4 ya biashara, kila siku, kwa ajili ya mtu wa kufikirika huko Ahero.

Bei nayo itabidi isogee. Kamera za usalama zinazopandisha picha mtandaoni usiku kucha zinakula ile robo ya kupanda kuliko familia tatu, na hulipa sawa na familia moja. Mteja wa hasi 81 anagharimu sawa na kumi wa hasi 60. Kumtoza zaidi ni kumwadhibu kwa kuzaliwa nyuma ya mwembe, kwa hiyo bora kampuni imnunulie bomba la kuinua antena. Bomba langu lilikuwa la futi kumi, na seremala wa mtaani alilifunga kwa saa moja. Hasi 81 ikawa hasi 64. Kampuni ilinitoza gharama zote, na nikalipa bila kubisha, ingawa kwa hesabu niliyoonyesha hapo juu wao ndio walionunua robo ya sekta kwa bei ya chuma.

Lililo karibu zaidi ni Desemba. Saa ya kilele haikai mahali pamoja mwaka mzima, na Kisumu huhama kila mwisho wa mwaka: wapangaji wa Manyatta na Kondele wanakwenda kwao, watoto wa Nairobi wanarudi kwa nyanya zao, na ile sekta inayotazama Kibos na Chiga, iliyolala tangu Januari ikiwa na wateja kumi na wawili, inapata nyumba zenye watu wanane na simu kumi kila moja. Antena za huko ndizo zilizofungwa mbali zaidi, zenye mawimbi hafifu zaidi, katikati ya miti mingi zaidi. Anayepanga kwa wastani wa mwaka hataliona hilo mpaka simu zianze kulia mkesha wa Krismasi, wakati fundi wake wa pekee yuko kwao Siaya.